Siku Nilipofunika Sanduku kwa Pazia la Kijani

Kuna avenyu moja ya mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, ambayo mpaka leo siipiti. Nazunguka, hata jua likiwa kali, hata nikichelewa ninakokwenda, na watu wakiniuliza kwa nini nasema kuna mbwa mkali pale (mbwa wa watu hawana kosa lolote, na nimewasingizia miaka mingi). Ukweli ni aibu, na aibu yenyewe hakunitengenezea mtu, niliichonga kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini kwa kuwa leo mmesema kila mmoja atoe ya kwake, haya, natoa, ila anayetaka kucheka asubiri kwanza nimalize.

Mnajua mi ni seremala. Wakati ule nilikuwa seremala wa masanduku ya maiti, basi, kitu kingine chochote sitengenezi. Sikuanza hivyo. Kule mtaa wa Kamenge nilikokuwa nakaa, nilikuwa natengeneza milango, vitanda, makabati yenye kioo, na watu walikuwa wananifuata kutoka mbali. Kisha vita ikaingia, na niambieni nyinyi, nani ataagiza kabati wakati hajui kama Jumapili nyumba itakuwa bado imesimama? Kitu kilichoagizwa kilikuwa kimoja tu, na kiliagizwa kila siku, na mwenye kukiagiza alikitaka leoleo. Basi mimi, Issa, Mwislamu mtoto wa Mwislamu, ambaye kwetu tunazikana kwa sanda na sanduku hatuna haja nalo, nikawa napigilia misalaba juu ya vifuniko kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nilikuwa naipigilia vizuri, imenyooka, kwa sababu mwenye kufiwa anaangalia.

Kamenge nilitoka na begi la vyombo vya kazi. Mama yangu hakutoka. Alisema nitangulie, yeye atafunga nyumba vizuri ndipo anifuate, na hakunifuata. Majirani wawili ndio waliomzika, nyuma ya jiko, harakaharaka, hakuna aliyemsindikiza hata hatua kumi, na mimi siku hiyo nilikuwa mjini napiga randa sanduku la mtu nisiyemjua. Habari nilizipata baada ya wiki. Hilo nalisema mara moja ili muelewe mbele huko nilikuwa mjinga wa namna gani.

Sasa shida ikawa chumba. Wakati ule wenye nyumba walikuwa wanauliza mambo mengi, umetoka wapi, we ni wa nani, lakini mimi swali lililoniua lilikuwa lile dogo, lile ambalo mtu mwingine analijibu huku anapiga miayo: unafanya kazi gani? Kule mtaa wa Kinama, mama mmoja alikuwa ameshanionyesha mpaka pa kuanikia nguo, nikasema kazi yangu, akachukua ufunguo mkononi mwangu taratibu, bila hasira, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Kule Mutakura, baba mmoja alikubali, tukapeana mikono, kisha mke wake akasikia akiwa ndani akatoka na kusema, "Ndiyo maana anatuangalia hivi tangu afike, anatupima urefu." (Na kweli nilikuwa nimempima. Si kwa ubaya, ni macho tu yamezoea, ukinisimamia mbele nakujua urefu wako na upana wa mabega kabla sijakujua jina.) Mwingine akaniambia waziwazi kwamba mtu anayekula kwa vifo hawezi kuomba heri, kwa hiyo pesa yake ikiingia nyumbani inakifungulia kifo njia. Nikarudi kulala atelye, karakanani kwetu, kwenye vumbi la mbao, na kwa sababu ya mbu nilikuwa nalala ndani ya sanduku, nimeegemeza kifuniko juu, nimeacha upenyo wa hewa. Chekeni. Lilikuwa na usingizi mzuri.

Ndipo nikafika kwa Mzee Salum, Buyenzi. Mzee Salum alikuwa na duka la vitambaa mbele, na nyuma kwenye ua alikuwa na aneksi ya vyumba vinne, kimoja kitupu. Babu zake walitoka Omani, yeye mwenyewe amezaliwa palepale avenyu ile na Kirundi chake kinashinda changu. Alikaa barazani na tasbihi yake, akanitazama.

"Mi siulize kabila," akasema. "Siulize umekimbia wapi. Humu ndani wako wa kila namna, na wanakula sahani moja. Mi nauliza kitu kimoja tu. Pesa utakayonipa, inatokaka wapi? Maana nimefukuza mutu ya pombe, nimefukuza mutu ya kuchimba makaburi. Nyumba hii nataka ikae na pesa safi."

"Mi ni seremala, Mzee."

"Unatengeneza nini?"

Hapa ndipo. Mnaona jinsi ilivyo ndogo? Ningesema neno moja, ningeondoka, ningelala kwenye sanduku langu, basi. Nikasema, "Milango na vitanda."

Akafurahi, akaniita mwanangu, akanipa ufunguo.

Nilidhani nimepata nyumba. Kumbe nilikuwa nimepata mahali pa kujificha, na mahali pa kujificha huwezi kumkaribisha mtu. Kila jioni nilinawa gundi na vanishi mpaka ngozi inauma kabla ya kuingia uani. Bi Mwajuma, mke wa Mzee, alinipa kitanda chake kilicholegea nikakikaza, akanisifu uani kwa sauti, na sifa zile zilinichoma kuliko matusi. Wapangaji wenzangu walikuwa wanakula pamoja kwenye mkeka, ugali na ndagala, wakiniita, "Issa, kuya basi," na mimi najibu nimeshiba, kwa sababu mtu ukikaa naye kwenye sahani atakuuliza leo umeshinda wapi, umetengeneza nini, kwa nani. Nikawa nakula mkate kavu chumbani na mlango nimeurudisha, nawasikiliza wanavyocheka. Miezi minne. Nilikuwa mpweke nikiwa atelye, lakini upweke wa uani, watu wako hatua tano na wanakuita kwa jina lako, ule ulinishinda.

Haya, siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, saa sita inakaribia. Mama mmoja mjane alikuwa anasubiri hospitalini, mlangoni pa chumba cha maiti, na mumewe ilibidi azikwe kabla ya saa nane ili watu wawahi kurudi makwao kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Sanduku lilikuwa tayari. Mwenye mkokoteni hakuja. Mwenzangu wa atelye, Deo, mwanamume mnene mwenye roho nzuri na mdomo usionyamaza, akasema tulibebe begani sisi wawili, si zito. Tukatoka, kufika barabara kubwa tukakuta askari wameifunga, hapiti mtu. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kukata ndani ya Buyenzi, na kukata ndani ya Buyenzi maana yake ni kupita mbele ya baraza ya Mzee Salum, mchana kweupe, na sanduku lenye msalaba begani.

"Tulifunike," nikasema.

Deo akaniangalia. "Tulifunike kwa nini? Ni sanduku."

"We tulifunike tu."

Nikarudi mbio atelye. Kitambaa kilichokuwepo kilikuwa pazia langu, nililolinunua kwa ajili ya dirisha la chumba changu na sijapata siku ya kulitundika, pana, safi, la kijani. Tukalitandika juu likaning'inia pande zote, msalaba ukapotea, na mimi nikaona nina akili. Sasa nyinyi Waislamu wenzangu mnaonisikiliza, msinitazame hivyo, najua. Kitu kirefu, kimefunikwa kitambaa cha kijani, kiko mabegani mwa watu, kinapita katikati ya Buyenzi karibu na adhuhuri. Mtoto wa madrasa angejua hilo ni jeneza la Mwislamu linakwenda kuswaliwa. Mimi nilikuwa nimekaa sana na misalaba, kitu nilichokuwa nakiwaza kilikuwa ni kuuficha msalaba wa juu ya kifuniko kwa macho ya mtu mmoja, na mtaa mzima nikausahau.

Hatukufika nyumba ya sita. Fundi wa magari mmoja, mzee wa mvi, alikuwa chini ya gari, akaona miguu yetu inapita, akatoka, akatazama, akajifuta mafuta mikono yote miwili kwenye suruali. Nikamsikia anamwambia mwenzake, "Wawili tu. Masikini, hana watu." Akaja mbio, akaniinamisha bega, akaingia mahali pangu.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini baraza ya Mzee Salum ilikuwa pale mbele, namwona na kanzu yake, na nikisema kwa sauti ya kusikika hili ni sanduku tupu la Mkristo, linatoka kwangu, habari itamfikia kabla yangu. Nikasema moyoni, acha tumpite Mzee, tukikata kona nitawashukuru na kuwaambia. Nikafunga mdomo. Wakaja wengine, muuza viatu, vijana wa gereji, mtu na taulo shingoni kutoka kinyozi katikati ya kunyolewa, upande mmoja wa kichwa umeisha na mwingine bado. Kila mmoja anaweka bega hatua chache anampisha mwenzake, kama tunavyofanya, na wanasoma dua polepole, na Deo, ambaye ni Mkatoliki, wakamtoa chini ya sanduku kwa heshima na akajikuta nyuma pamoja nami, mikono mitupu.

"Issa," akanong'ona, "sema."

"Baada ya kona."

"Wanaenda wapi na sanduku yetu?"

Mbele nikasikia fundi anasema, "Mwepesi sana marehemu," na mwingine anajibu, "Ameugua siku nyingi, huyo, amekwisha." Tukafika barazani. Mzee Salum alisimama. Akaweka tasbihi mfukoni, akashuka ngazi, akaniona mimi natembea nyuma ya jeneza bila ndugu, na uso wake ukabadilika. Akanishika mkono kama mtu anavyomshika mwanawe, akatembea nami.

Hapo nitasema kitu cha kweli, na msinicheke kwenye hicho. Kona tuliifika, tukaikata, na sikusema. Si kwa woga. Woga ulikuwa umeisha. Ilikuwa ni kwamba watu kama arobaini walikuwa wanatembea nami, na mkono wa Mzee ulikuwa mkononi mwangu, na kwa miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa amenigusa ila mteja akinipa kipimo. Nikawaza, hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Nikawaza majirani wawili nyuma ya jiko. Nikaanza kulia, na nikilia Mzee ananikaza mkono, na akinikaza nazidi kulia, na watu wakiona nalia wanazidi kuongezeka. Nilitamani msikiti uwe mbali.

Haukuwa mbali. Waliliweka sanduku chini mbele, uani mwa msikiti, watu waliotoka kuswali wakaanza kupanga safu. Shehe akaja, akaniinamia, akauliza taratibu kile kinachoulizwa kabla ya kumswalia mtu.

"Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke," nikasema. Sijui nani aliyejibu kwa mdomo wangu.

"Ni nani wako?"

"Mama yangu."

Mzee Salum akatoa sauti ndogo ya kuumia. "Mwanangu, uko kwangu miezi minne, mama yako anaumwa na hukusema." Palepale akamgeukia kijana wa dukani kwake, amwambie Bi Mwajuma uani kuna msiba, afunge kazi zote, apike, mikeka itandikwe. Nikataka kumshika kanzu yule kijana, akawa ameshatoka. Na Deo mlangoni, viatu mkononi, ananitolea macho.

Kisha shehe akaona pazia limeteleza upande mmoja, akainama alinyooshe, na alipolivuta, msalaba wangu ukatokea, mzuri, umenyooka, umepakwa vanishi asubuhi ileile.

"Hii ni nini?" shehe akauliza.

Aliyejibu ni Deo, kule mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha: "Shehe, hamuna mutu ndani. Ni kazi yetu tu. Kuna mama anaisubiria hospitali."

Mtu mmoja nyuma akasema astaghfirullah. Mwingine akacheka, akajizuia, akashindwa, na kicheko kikapita safu kwa safu, na wengine wakakasirika kwa sababu ya kicheko, na yule fundi wa mvi akasimama mbele yangu, akasema bila kucheka kabisa, "Nimeiombea sanduku tupu dua avenyu tatu nzima." Yule mtu wa kinyozi, nusu ya kichwa chake iliyonyolewa ilikuwa inatikisika kwa kicheko. Kama ardhi ya Bujumbura ingekuwa na huruma ingefunguka nikaingia, tena sanduku nilikuwa nalo tayari.

Mzee Salum peke yake hakucheka wala kugomba. Alitoa mkono wake mkononi mwangu.

"Milango na vitanda," akasema.

"Apana, Mzee."

Shehe akatuambia tuchukue kitu chetu twende, mtu asicheleweshewe maziko, na hilo namshukuru. Tukalibeba, mimi mbele, Deo nyuma, pazia nimelikunja kwapani. Bila pazia, watu wa mtaa uleule walikuwa wanatupisha. Wanawake wanavuta watoto ndani, mtu anaondoa kiti chake njiani, tunapita katikati kama maji machafu. Mabega yalikuwa mawili tu, langu na la Deo, na sanduku lile jepesi nililisikia zito mpaka hospitali. Yule mama mjane alikuwa bado amekaa mlangoni. Alipapasa kifuniko kwa kiganja, akasema ni zuri, na alizikiwa mume wake kwa wakati.

Niliporudi jua lilikuwa linashuka. Mzee Salum alikuwa ananisubiri langoni, amesimama.

"Mama yako yuko wapi?"

"Alikufa Kamenge, Mzee. Mwaka jana. Sikumzika mimi."

Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia kazi yako siku ile?"

"Ningekuambia, ungenipa chumba?"

Aliwaza. Angeweza kunidanganya, mimi nilikuwa nimemdanganya miezi minne, lakini aliwaza kweli, akanijibu akiangalia chini. "Apana."

"Basi, Mzee."

"Na sasa siwezi. Mutaa mzima umeona. Jumamosi utoke." Akanipisha nipite, kisha akasema nyuma yangu, "Wamekwisha kupika. Chakula ya musiba hairudi jikoni."

Uani mikeka ilikuwa imeshakunjwa. Wapangaji walikuwa ndani, milango imerudishwa. Mbele ya mlango wangu Bi Mwajuma alikuwa ameacha sinia, pilau ya watu kumi, nyama katikati, ndimu zimekatwa pembeni, na mtungi wa maji ya kunawa. Nilikaa chini nikanawa. Nikala upande wangu, ule ulio karibu nami, nyama sikuigusa kwa sababu mtu hachukui nyama kabla wenzake hawajafika. Nilikula hivyo kwa muda ndipo nikagundua ninachofanya. Sinia nzima ilibaki imejaa, kuna shimo dogo upande mmoja.

Jumamosi nilitoka. Tangu siku ile sijafunika sanduku, na nikienda kuomba chumba naitaja kazi yangu kabla ya jina, langoni hapohapo, ili anayetaka kufunga afunge mapema, na wengi wanafunga. Kitu kingine nilichojiwekea ni hiki: nikiona watu wawili wamebeba maiti peke yao, popote, naacha randa, naenda kuweka bega. Siulizi ndani kuna nani.